Siha Yako Baina ya Kuta za Ofisi

Wako wafanyakazi wengi ambao asubuhi hutoka nyumbani wakiwa wazima, saa nne ikifika macho yakaanza kuwawasha, saa sita kichwa kikawa kizito, saa nane koo likakauka na miayo ikafuatana, na jioni, wakisha kuketi kitambo kidogo katika daladala au matatu, hali dirisha li wazi na moshi wa barabara unaingia, wakastaajabu kuona kichwa kimepoa. Baadhi yao husema wamefanyiwa hasada kazini, wengine hujituhumu uvivu, na wakuu wao aghalabu huafikiana na hao wa pili. Mwongozo huu umekusudiwa mtu wa namna hiyo, na muradi wake ni kumwezesha kupambanua baina ya adha inayotoka katika jengo, adha inayotoka katika mwili na mazoea yake mwenyewe, na adha ya tatu, ambayo nadhani ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, inayotoka katika jinsi kazi ilivyopangwa na katika uchache wa mamlaka aliyo nayo mtu juu ya siku yake.

Malalamiko haya si uzushi wa watu wasiopenda kazi. Mwaka 1984 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba majengo mapya na yaliyokarabatiwa, hata kufikia asilimia 30 ya majengo hayo ulimwenguni, huenda yakawa na malalamiko ya kupita kiasi juu ya hewa ya ndani. Chanzo kimojawapo kilikuwa uchumi. Kabla ya 1973 kawaida ya wahandisi wa Marekani ilikuwa kumpa kila aliye ndani ya jengo takriban futi za ujazo 15 za hewa ya nje kwa dakika; mafuta yalipoadimika mwaka huo na bei ikapaa, kiasi hicho kilipunguzwa hadi 5 ili isiwepo hewa nyingi ya kupashwa moto au kupozwa, na madirisha yakajengwa yasifunguke. Mwaka 1989 walirejea kwenye 15, na kwa ofisi wakaweka 20, lakini kufikia wakati huo mtindo wa jumba la vioo lisilo na dirisha la kufungua ulikuwa umekwisha safiri dunia nzima, na kwetu ukafika ukiwa alama ya maendeleo.

Anza na daftari, wala usianze na dawa. Kwa muda wa majuma mawili andika kila siku mambo machache tu: saa uliyoingia ofisini, saa adha ilipoanza na ni ya kiungo gani, chumba ulichokuwamo, kama kiyoyozi kilikuwa kikifanya kazi au umeme ulikuwa umekatika, kama siku hiyo palipakwa rangi au kupulizwa dawa ya wadudu, usiku uliopita ulilala saa ngapi, umekula na kunywa nini, na adha ilikwisha wakati gani. Siku za mapumziko usiziruke, kwa maana hizo ndizo shahidi wako mkubwa. Adha inayopungua mara utokapo mlangoni na kurudi Jumatatu, yaelekea ni ya mahali. Inayofuatana nawe mpaka kitandani, yaelekea ni ya mwili wako au ya nyumbani kwako. Na ile inayoanza Jumapili jioni, kabla hujaliona jengo kwa macho, haitokani na hewa wala vumbi, na habari yake nitaieleza mbele. Waulize na wenzako, ila uwaulize mmoja mmoja, si wote pamoja wakati wa chai, kwa sababu malalamiko yakianzwa mezani huenea upesi hata kwa wasioumwa. Wanaoumwa wakiwa wote wamekaa upande mmoja wa chumba, umepata dalili iliyo bora kuliko vipimo vingi vya kulipia.

Hata hivyo daftari lina mpaka wake. Homa, kikohozi kilichopita majuma mawili, damu katika makohozi, kukonda bila sababu, maumivu ya kifua au kubanwa pumzi si mambo ya kuandikwa na kungojewa. Yapeleke hospitali siku hiyohiyo. Jengo laweza kumtia mtu maradhi hasa, yenye kiini kinachojulikana: mwaka 1976 wanachama wa American Legion, chama cha askari wa zamani wa Marekani, waliokutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford, mjini Philadelphia, walishikwa na homa kali ya mapafu, wasiopungua 29 wakafariki, na mwaka uliofuata wataalamu wakakitambua kijidudu chake, ambacho huishi katika maji na hustawi katika mitambo mikubwa ya kupozea majengo isiyotunzwa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba usafi wa mitambo ile ni anasa.

Sasa itazame hewa. Jambo ambalo watu wengi, wakiwamo wenye shahada zao, hawalijui ni kwamba kiyoyozi cha kawaida cha ukutani, chenye sehemu moja ndani na nyingine nje zilizounganishwa kwa bomba, hakileti hewa mpya ndani ya chumba. Hewa ileile huvutwa, hupozwa, ikarudishwa. Kinachopita katika bomba ni gesi ya kupozea tu. Basi watu kumi waliofungiwa katika chumba kimoja tangu saa mbili huwa wanapokezana pumzi hata saa kumi, na kwa kuwa chumba ni baridi hudhani ni kisafi. Huko München, mnamo 1858, tabibu Max von Pettenkofer alieleza kwamba hewa ya chumba ikifikisha sehemu 1 katika 1,000 ya ile gesi ya kaboni tunayoitoa puani, chumba hicho hakifai tena kukaliwa na watu; na kipimo chake, yaani 1,000 katika milioni, bado kinatumika, ilhali hewa ya nje siku hizi ina takriban 420. Gesi hiyo kwa kiasi hicho si sumu ya kumwangusha mtu. Ni shahidi tu kwamba pumzi za watu zimelundikana, na zinapolundikana pumzi, viini vya mafua na vya kifua kikuu hulundikana pamoja nazo.

Dawa yake ni nyepesi mahali palipo na dirisha. Fungua madirisha ya pande mbili zinazokabiliana, au dirisha na mlango, kwa dakika kumi hivi kabla ya kazi kuanza, tena adhuhuri, na tena kila baada ya mkutano, kiyoyozi kikiwa kimezimwa; ikiwa ofisi iko kandokando ya barabara yenye magari mengi, chagua saa ambazo msongamano umepungua, au upande ulio mbali na barabara. Vipo vipimo vidogo vya gesi hiyo vya kuweka mezani, na ofisi yenye chumba cha mikutano kisicho na dirisha haitajuta kununua kimoja, kwa sababu mkuu asiyesadiki kichwa cha karani husadiki tarakimu.

Kiyoyozi chenyewe kikague kwa macho yako. Funua kifuniko cha mbele, utaona machujio ya wavu wa plastiki yanayochomoka kwa mkono pasipo bisibisi. Yakiwa yamefunikwa na vumbi la kijivu lililoshikana kiasi cha kubanduka kama kitambaa, basi hilo ndilo lililokuwa likipulizwa usoni pako. Hukung'utwa nje, huoshwa kwa maji, hukaushwa kivulini, yakarudishwa, na katika miji yetu yenye vumbi kazi hiyo yafaa kufanywa kila mwezi, wala haihitaji fundi. Fundi huhitajika pale unapoona ndoo imetegwa ukutani kukinga matone. Ndoo hiyo, ambayo katika ofisi nyingine imekaa miaka hata imepewa mahali pake kama samani, ni ushahidi kwamba njia ya maji imeziba, na maji yaliyotuama ndani ya mashine huotesha utelezi na kuvu, ambayo kisha husambazwa chumba kizima. Ukisikia harufu ya nguo mbichi kila kiyoyozi kinapowashwa, usipulize manukato; ita fundi.

Kuvu hiyohiyo huota ukutani nyuma ya makabati, hasa katika miji ya pwani ambako hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima na ukuta uliopozwa hutoa jasho. Sogeza kabati kiasi cha kiganja kutoka ukutani, na kuta zenye madoa meusi zisipakwe rangi juu yake kabla chanzo cha maji hakijazibwa. Tahadhari pia na samani mpya za mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi, mazulia mapya na rangi mbichi, ambavyo hutoa mvuke wa kuwasha macho kwa majuma kadhaa: vyumba vilivyopambwa upya viachwe wazi siku kadhaa kabla watu hawajahamia. Mashine ya fotokopi isikae ubavuni mwa mtu mmoja siku kutwa. Na jenereta, ambayo kwetu ni sehemu ya ofisi kama mlango ulivyo, isiwekwe katu chini ya dirisha wala katika ua uliozungukwa na kuta, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua. Kichwa kikianza kuuma watu wote kwa pamoja dakika chache baada ya umeme kukatika, tokeni nje kwanza, mambo mengine yatafuata.

Joto lina hesabu zake. Katika nchi hizi za karibu na Ikweta jua hupiga kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri, na waashi wa zamani walilijua hilo. Beit el-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883 kwa amri ya Sultani Barghash na baadaye ikatumiwa kuwa ofisi za serikali, ilikuwa na roshani pana za kuzuia jua lisifike ukutani na dari za juu za kupandisha hewa ya moto mbali na vichwa vya watu. Sisemi turudi huko. Majumba yale ya mawe na chokaa hunyonya unyevu, na karani aliyepata kutumwa kutafuta jalada katika stoo ya jengo kongwe anajua maana ya kupiga chafya. Lakini werevu wa aina ile haujafa: jengo la Eastgate mjini Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kufunguliwa 1996, ni la maduka na ofisi, na hupozwa zaidi kwa hewa ya usiku inayopitishwa katika zege lake kuliko kwa mashine. Wewe usiye na uwezo wa kubadili jengo, waweza kuhamisha meza isikabiliane na kioo cha magharibi, na waweza kuomba kivuli kiwekwe nje ya kioo, maana pazia la ndani hulizuia jua baada ya joto kukwisha kuingia.

Juu ya kiyoyozi na rimoti yake, ugomvi ni mkubwa na haki ni chache. Mmoja hukiweka nyuzi 16 akitaraji chumba kitapoa haraka, ambapo mashine nyingi za kawaida hupoza kwa mwendo uleule, ziwekwe 16 au 24, tofauti ikiwa ni mahali pa kukoma tu. Mwingine, aliyepangiwa kiti chini ya mdomo wa mashine, huja na sweta Februari, mwezi wa joto la Dar es Salaam, hujifunga mtandio shingoni, na mwishowe hubandika katoni kwa gundi ya karatasi ili upepo uelekee kwa jirani. Wataalamu wa Uholanzi walionyesha mwaka 2015 kwamba hesabu za baridi ya ofisi zilizorithiwa tangu miaka ya 1960 zilijengwa juu ya mwili wa mwanamume wa makamo, na kwamba wanawake kwa wastani huhitaji joto zaidi kidogo. Kwa hiyo dada anayetetemeka mezani pake hadeki. Anzeni na nyuzi 25, elekezeni upepo juu ya dari, na mtu wa chini ya mashine ahamishwe.

Habari za mwanga na kiti nitazipita upesi, kwa kuwa zinajulikana ingawa hazitendwi. Dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe mbele wala nyuma. Kioo cha kompyuta kiwe mbali nawe kwa urefu wa mkono, ukingo wake wa juu usawa wa macho. Nyayo zikanyage sakafu. Macho hupepesa kidogo sana yanapokazia kioo, ndiyo sababu hukauka, basi kila baada ya dakika 20 yatupe mbali, mita 6 au zaidi, kwa muda wa kuhesabu ishirini. Aliyevuka miaka 40 ambaye jioni herufi zinamcheza akapime macho kabla hajalaumu taa.

Hapo tumekwisha ingia katika mambo ya nafsi, na ni wajibu kuyasema bila kumhukumu mtu. Mwenye pumu, mwenye mzio na mwenye ngozi nyepesi kudhurika huonja ubaya wa jengo mapema kuliko wenzake. Asichekwe, bali achukuliwe kuwa ndiye anayetoa habari kwanza. Aliyelala kwa muda wa saa nne tu ataumwa kichwa hata chini ya mwembe. Anayevuta sigara chooni huwavutisha wote. Asiyekunywa maji ataumwa kichwa pia, lakini hapa uulize sababu kabla hujamlaumu: nimewajua akina mama katika ofisi za watu wenye heshima zao ambao hawanywi maji tangu asubuhi kwa makusudi, kwa sababu choo ni kimoja kwa ghorofa nzima, hakina maji, au ufunguo wake unashikwa na mlinzi ambaye sharti aombwe mbele ya wageni. Mtu huyo hufika jioni ana kichwa kinachogonga na mkojo unaochoma, na mwajiri akaandikiwa cheti cha ugonjwa ambacho kwa insafu kingepaswa kuandikwa kwa jina la choo chake.

Kukaa nako ni maradhi yanayokuja polepole. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha uchunguzi wake juu ya mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa siku kutwa, walishikwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi lilelile, katika mji uleule. Karani wa leo ni dereva asiye na basi. Akae saa moja, asimame, apeleke jalada kwa miguu badala ya kulituma, apande ngazi ikiwa magoti yanaruhusu, na ajitahidi kufikisha zile dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kila juma ambazo Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima.

Imebaki ile adha ya Jumapili jioni. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza walichapisha taarifa ya wafanyakazi 4,373 wa ofisini: majengo ya viyoyozi yalikuwa na malalamiko mengi kuliko yale ya madirisha, lakini pia wanawake walilalamika kuliko wanaume, na makarani na waandishi wa mashine kuliko mameneja. Katika jengo moja, basi, hewa ni moja na maradhi si mamoja. Mwaka 2006 wenzao wanaowafuatilia watumishi wa serikali wa Whitehall, London, wakiwamo Michael Marmot, walieleza habari za watu 4,052 katika majengo 44, na wakaona kwamba wingi wa kazi unaomlemea mtu na ukosefu wa msaada wa wakubwa na wenzake vilifungamana na dalili hizo kuliko karibu yote waliyoyapima katika hewa. Nao watafiti Richard de Dear na Gail Brager walionyesha mwaka 1998 kwamba watu wenye madirisha wanayoweza kuyafungua wenyewe huridhika na joto ambalo wenzao waliofungiwa hulishitakia.

Sioni kwamba habari hizi zinamwachia huru mwenye jengo, kama wakuu wengine wangependa kuzisoma, wakasema kwamba basi maradhi yamo vichwani mwa watu. Mwili uliochoka kwa hofu ya msimamizi hustahimili vumbi kidogo kuliko mwili uliotulia, na msimamizi anayefungia rimoti katika mtoto wa meza yake aghalabu ndiye huyohuyo anayetoa kazi ya siku tatu saa kumi alasiri na kuitaka kesho yake asubuhi. Kwa hiyo unapotengeneza orodha ya mambo ya kuombwa, usitaje hewa tu. Tia humo saa ya kutoka inayojulikana, tia ruhusa ya kila chumba kuamua joto lake, na ikiwa hofu ya Jumapili imekuwa ya kila juma hata usingizi umekukimbia, mweleze tabibu waziwazi, kwa maana hiyo nayo ni maradhi na ina matibabu.

Maombi yapeleke kwa maandishi. Barua ya ukurasa mmoja yatosha, iliyotiwa saini na wengi, isiyomtuhumu mtu, yenye tarehe na saa zilizotolewa katika madaftari yenu, na yenye maombi matatu au manne yaliyopangwa kuanzia lisilo na gharama: madirisha kufunguliwa, machujio kuoshwa, ufunguo wa choo kuachwa mlangoni, kisha ndipo fundi wa kiyoyozi na kuhamishwa kwa jenereta. Baki na nakala, nayo iwe imegongwa muhuri wa mapokezi. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na kamati ya mambo haya, basi barua ianzie hapo, na kama kamati haipo, kuundwa kwake kuwe ombi la kwanza. Tanzania Bara ina sheria yake ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na Zanzibar ina yake ya 2005. Barua isipojibiwa kwa mwezi mmoja, andikeni ya pili mkiikumbusha ya kwanza kwa tarehe yake. Isipojibiwa hiyo, pelekeni nakala zote mbili kwa wakaguzi wa serikali, ambao kwa sheria wana ruhusa ya kuingia, kupima na kuamuru.